Bakteria Juu ya Moto wa Mama

Duka langu ni duka la kuua. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu ndivyo wateja wanavyoliona. Mtu akiingia agroveti yangu pale sokoni Giakanja, anaegemea kaunta na kuuliza dawa ya kuua kitu: viwavi, kupe, panya, magugu, ukungu wa viazi. Kwa hiyo nilipoanza kuuza pakiti za bakteria wa udongo, kila aliyeishika aliigeuza upande wa nyuma na kuuliza, "Na hii inaua nini?" Nikimwambia haiui chochote, kwamba ndani mna viumbe hai na kazi yao ni kuilisha mimea, aliirudisha kwenye kaunta polepole, akajipangusa mkono kwenye suruali.

Mama yangu hakujipangusa mkono. Aliipokea kwa mikono miwili, na balaa letu lote lilianzia hapo.

Mama anaishi Wamagana, kwenye shamba alikoolewa na baba yetu, ambaye sasa ni marehemu. Mimi napanga nyumba Skuta, kando ya mji wa Nyeri, na kila asubuhi naenda Giakanja kufungua duka. Kaka yangu pia yuko Skuta, ghorofa ya tatu, na mke wake na watoto. Tuna dada mkubwa aliyeolewa Laikipia, lakini yeye huwa anasikia habari zetu zikiwa zimeshapoa. Mama huniita mami, kwa maana nilipewa jina la mama yake, kama ilivyo desturi kwetu kwa binti wa pili. Tangu nikiwa mdogo mama yangu ananiita mama, na nikimkosea hulitamka neno hilo kwa heshima zaidi. Heri angenichapa.

Shida ilionekana kwenye majani. Misimu kadhaa mfululizo mahindi ya Mama yaliota vizuri, yakifika magotini yanasimama, kisha majani ya chini yanageuka zambarau kuanzia ukingoni. Mama alisema mahindi yamevaa joho la kwaya. Mwaka wa kwanza tulicheka. Maharagwe nayo yalidumaa, yakatoa maganda mepesi yenye punje zilizosinyaa. Mama akazidisha mbolea ya dukani, tena ya dukani kwangu mwenyewe, na msimu uliofuata joho likarudi lilivyokuwa.

Kaka yangu si mtu mbaya. Nasema mapema, kwa sababu nikikasirika huwa namsimulia vibaya. Aliona magoti ya Mama yanavyomsumbua kwenye ule mteremko. Aliona jinsi anavyolima mwaka mzima na kuvuna kidogo. Barabara ya lami ilikuwa imefika karibu, na yeye alitaka kujenga vyumba vya kupangisha pale shambani, kisha Mama ahamie kwake Skuta apumzike. Ukimsikiliza bila hasira, utaona maneno yake yana maana. Mimi sikuweza kumsikiliza bila hasira.

Mwezi wa Desemba tulikutana wote nyumbani, tukachinja mbuzi, na kaka yangu akaleta tena habari ya vyumba. Mama alikuwa anakata mutura, ile soseji ya utumbo wa mbuzi, na hakuacha kukata.

"Nitapanda mara moja tena," alisema. "Shamba ikikataa, jenga. Sitasema kitu."

Mama hana historia ya kurudisha maneno mdomoni. Alivyosema ndivyo itakavyokuwa, na akishindwa atabeba nguo zake mwenyewe hadi kwenye gari. Nikamwona akilini mwangu, ghorofa ya tatu, kwenye lile kochi la ngozi, mikono mapajani, akitazama televisheni bila kuifuata. Mama akikaa siku moja bila kushika udongo huanza kulalamikia kichwa. Niliogopa kwamba nyumba ile ingemmaliza, kwa upole na kwa chakula kizuri. Nikiogopa huwa mkali, basi nikagombana na kaka yangu, nikagombana na mke wake aliyekuwa ananitilia supu tu, nikaondoka bila kula nyama.

Baada ya sikukuu nilimtafuta afisa wa kilimo wa eneo letu, mwanamke mpole anayezunguka na pikipiki. Alikuja Wamagana, akachukua udongo kutoka pembe zote za shamba, akaupeleka ukapimwe. Majibu yalipotoka alikuja nayo dukani kwangu, akakaa kwenye gunia la chakula cha kuku.

"Fosforasi mliyoweka miaka yote hii bado iko," aliniambia. "Haijaenda mahali. Hii udongo yetu nyekundu iko na chuma na alumini mingi, na sasa imekuwa na asidi sana. Inashika fosforasi, haiachilii. Mahindi inalala njaa juu ya stoo imejaa."

"Na ufunguo wa stoo uko wapi?"

Akasema ufunguo si mmoja. Kwanza chokaa, kupunguza asidi. Pili samadi, udongo upate kitu cha kula. Tatu, wale bakteria, ambao huishi kando ya mizizi na kutoa majimaji makali yanayoilegeza fosforasi iliyokwama hadi mzizi uweze kuinyonya. Kisha akaniangalia kama mtu anayewajua wauza duka.

"Lakini usiende kuambia watu ati ni miujiza. Hao ni wafanyakazi. Ukiwapeleka kwa nyumba haina chakula, watakufa. Ukiwachoma, watakufa."

Nilikubali yote. Januari tukamwaga chokaa, mimi na Mama, upepo ukitugeukia hadi tukawa weupe kope na nyusi. Samadi ilitoka Nanyuki. Kuna mfanyabiashara wa mifugo wa huko, Mwislamu, mtu mzima mwenye maneno machache, ambaye huleta mbuzi Nyeri kwa lori na kupitia dukani kwangu kuchukua chanjo. Nilimwomba, na safari iliyofuata akashusha samadi ya zizi la mbuzi, kavu, nyepesi, isiyo na mawe. Mama aliichota akaipepeta vidoleni, akasema huyo mtu ameelimika.

Bakteria niliwapeleka Februari. Ningeweza kuwaacha kwenye friji ya duka pamoja na chanjo za kuku, lakini stima ilikuwa inapotea kila mara, na zaidi ya hayo Mama hapandi kwa kalenda. Anasikia harufu fulani ya upepo kutoka upande wa milima ya Nyandarua, anaamka, anapanda. Niliogopa apande nikiwa dukani na pakiti ikiwa kwangu.

"Wako hapa ndani?" aliuliza, akiipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Wako ndani. Ni unga mweusi tu utaona, lakini wako hai."

"Hai kabisa?"

"Kabisa, Mama. Wamelala tu. Usiwaweke kwa jua, na usiwaweke karibu na dawa ya wadudu. Weka mahali pazuri, pakavu."

"Na sahii wanakula nini?"

"Hawali. Watakula wakiingia shamba."

"Ngai, Mungu wangu," alisema. "Wasikose kuamka."

Sikuongeza neno. Nilipita Wamagana mara kadhaa baada ya hapo, nikamwuliza kama wako salama, akasema wako salama, wamelala. Alitabasamu kila alipoulizwa.

Mwezi wa Machi akanipigia simu. "Kesho," alisema, basi. Nilifunga duka, nikafika Wamagana asubuhi, na kweli hewa ilikuwa nzito na mbingu imefunga upande wa Nyandarua na upande wa pili pia. Mama alikuwa jikoni, lile jiko la zamani la mbao lililo nje ya nyumba kubwa, ambalo amekataa lisivunjwe. Moto ulikuwa unawaka kwenye mafiga, na githeri ya mahindi na maharagwe inatokota. Akavuta kigoda, akakipanda huku ameshika nguzo, akanyoosha mkono juu ya moto.

Juu ya moto katika jiko la namna hiyo kuna itara, uchaga wa fito ambao moshi na joto hupita mchana kutwa. Hapo ndipo akina mama wa kwetu walipokuwa wakikaushia kuni na kuhifadhia mbegu. Fito zimekuwa nyeusi na kung'aa kwa masizi, na mdudu hathubutu kukaribia. Mama alishusha mahindi ya mbegu, akashusha kibuyu cha maharagwe, kisha akaingiza mkono hadi mwisho, mahali pa kati kabisa, akatoa kofia ya marvin ya marehemu baba, ile ya sufu ya kahawia. Akashuka taratibu. Akaifungua ile kofia mbele yangu, akitabasamu, na ndani yake mlikuwa na pakiti.

Niliishika. Ilikuwa na joto la chapati iliyotoka kwenye kikaango. Karatasi imejikunja, imekuwa rangi ya chai, imefura tumbo. Ilinuka moshi.

Mimi nina mdomo. "Mama! Umewapika! Umewapika wote! Hawa si mahindi! Nani alikwambia uweke juu ya moto?" Nilisema na mengine. Nilisema kaka yangu atakuja na fundi kabla ya Krismasi, nilisema kazi yote ya chokaa imeenda bure, nilisema nilimwambia pazuri na pazuri si juu ya moto. Paka alitoka nje. Mama alikaa kwenye kigoda akanikazia macho hadi pumzi zikaniishia.

"Mami," alisema, kwa heshima ile. "Ulisema wako hai."

"Ndiyo nilisema."

"Usiku ya hapa February iko na baridi. Wewe hujui, unalala kwa nyumba ya mawe. Hata mimi nilikuwa naongeza blanketi. Nikasema, hawa watoto wa wenyewe, wakikufa kwangu kwa baridi nitaambia nani? Nikawavalisha." Akaigusa ile kofia. "Na mamangu, ule uko na jina yake, kitu yote ya kuishi mpaka mvua alikuwa anaweka hapo juu. Yote. Hatukuwahi kulala njaa kwa sababu ya itara."

Nilitoka nje na pakiti yangu, nikasimama kando ya migomba nikasoma maelezo ya nyuma. Iweke mahali pakavu, mbali na jua, mbali na kemikali. Mama alikuwa ametimiza yote. Ndani ya lile jiko jua haliingii kabisa, na hakuna mahali pakavu kuliko itara. Kuhusu moto hawakuandika kitu, na mimi pia sikusema, kwa sababu aliyeandika na mimi niliyesoma tumezoea friji. Nilicheka peke yangu pale migombani, halafu nikalia, halafu nikafuta uso kwa sababu jirani alikuwa anapita na ng'ombe.

Niliporudi Mama hakuwa ameondoka kwenye kigoda. Ile marvin ilikuwa kwenye mapaja yake, tupu.

"Wote wamekufa?"

"Labda wachache wamebaki. Hawatatosha."

Akaangalia nje mlangoni, kwenye mashimo aliyokuwa ameshayachimba kwa mistari, yana samadi ndani yake, yanangoja mbegu. Ngurumo ilisikika kwa mbali.

"Basi lete wengine," alisema. "Nitangoja."

Msomaji asiyemjua Mama hawezi kujua uzito wa neno hilo. Yeye hupanda kabla ya tone la kwanza, au siku ya tone la kwanza, si baadaye. Kwake mtu anayepanda mvua ikiwa imeshazoea ni sawa na anayeingia kanisani wakati wa sadaka. Na mvua hii ndiyo aliyokuwa ameiwekea neno lake mbele ya watoto. Kila siku ya kungoja ilikuwa siku anayompa kaka yangu bila kuombwa. Nilimwambia apande tu, samadi na chokaa huenda vitatosha. Akasema hapana, tumeanza na hao, tutaenda na hao.

Nyeri mjini pakiti zilikuwa zimekwisha. Karatina zimekwisha. Nilipiga simu hadi sikio likapata joto, mwishowe nikapata duka moja Nanyuki lililobakiza. Nikampigia yule mfanyabiashara wa mifugo. Alisema lori lake liko gereji, lakini likitoka tu atakuja, na akaniuliza swali moja: "Dada, kitu hiki kinataka baridi au hakitaki?"

"Kinataka baridi. Kikipata joto kinakufa."

"Basi nitakiweka kwenye kasha la barafu, pamoja na chanjo za mbuzi. Usiwe na wasiwasi. Ni amana."

Mvua ikanyesha. Ilinyesha usiku ule, ikanyesha kesho yake, ikanyesha kwa namna ile ya kutulia ambayo mkulima huiomba. Wamagana yote ilijaa watu wameinama. Shamba la Mama peke yake lilibaki na mashimo matupu yanayokusanya maji. Wanawake wa kanisani walipita barabarani wakapunguza mwendo. Mmoja aliuliza kama Mama ni mgonjwa. Mwingine hakuuliza, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Kaka yangu alifika Jumapili, na mimi nilikuwepo. Alisimama pembezoni mwa shamba na viatu vyake vya kanisani, akatazama yale mashimo kwa muda. Aliposema, hakusema kwa ushindi. Sauti yake ilikuwa ya huruma, nami nikaichukia zaidi.

"Naona umeamua, Mama. Ni sawa. Hakuna mtu atakulaumu."

"Nimeamua nini?"

"Hujapanda."

"Nangoja wageni," Mama akasema.

"Wageni gani?"

"Wa kutoka Nanyuki. Lori imeharibika."

Kaka yangu aliniangalia mimi, nami nikageukia barabara ambako lori lingetokea. Aliondoka akiamini kwamba akili za Mama zimeanza kupotea, na jioni akanipigia simu kunieleza hivyo, kwa upole, akisema ni sababu nyingine ya kumleta mjini haraka. Tuligombana hadi salio likaisha.

Ilipofika siku ya lori, mahindi ya jirani yalikuwa yameshatoboa ardhi. Yule mtu wa Nanyuki alikataa kuniachia kifurushi dukani. Alisema kasha halifunguliwi njiani, akanipakia mbele, tukateremka hadi Wamagana na mbuzi wakilia nyuma. Alishuka na lile kasha kifuani, akamsalimia Mama kwa kuinamisha kichwa, akalitua chini ya mgomba kivulini. Kisha ndipo akafungua kifuniko. Mvuke wa baridi ukatoka. Pakiti ilikuwa katikati ya vipande vya barafu, ndani ya karatasi ya plastiki, safi kama ilivyotoka kiwandani.

Mama aliigusa kwa kidole, akakirudisha haraka.

"Na hawasikii baridi?"

"Hawa wanapenda baridi, mama," yule mtu akasema. "Kila kiumbe na riziki yake."

Mama akakimbilia chai. Kwetu mtu haingii boma akatoka mdomo mkavu, na Mama alikuwa ameshatia maziwa sufuriani wakati yule mgeni aliponyoosha mkono kumzuia.

"Nashukuru, mama. Nimefunga. Ni mwezi wa Ramadhani."

"Hata maji?"

"Hata maji."

Mama alimwangalia, akaangalia lile kasha la barafu alilolibeba kifuani. Sijui alifikiri nini. Aliingia jikoni, akaijaza uji chupa ya chai, akaikaza kifuniko, akamwekea kwenye lori mwenyewe. "Utakunywa jua ikiingia," alisema. "Chupa utarudisha na mbuzi." Mgeni akacheka, mara ya kwanza kumwona akicheka.

Tulipanda siku ileile, mbingu ikiwa na mawingu. Maelezo yalitaka kitu cha kunatisha ule unga kwenye mbegu, na tukatumia uji mwepesi. Mama hakukubali niuguse. Aliupoza kwenye beseni, akautia tone kwenye kifundo cha mkono kama anayepima maziwa ya mtoto, akatikisa kichwa, akangoja, akapima tena. Nilikuwa nataka kumwambia unatosha. Uji ulipokuwa baridi kabisa, hata kuonja ungekuwa mbaya, ndipo akaniruhusu nimwage ule unga mweusi. Tulizigeuza mbegu kwa mikono hadi zikawa na koti jeusi, tukazianika kwenye gunia kivulini, kisha tukaingia shambani, yeye mbele na mimi nyuma, akitia mbegu na mimi nafukia. Alikuwa anazisemesha. Sikusikia maneno, na sikuuliza.

Basi niseme ukweli wa msimu ule bila kuupaka mafuta. Tulichelewa, na kuchelewa kulitugharimu. Baridi ya Julai na ukungu wake vilikuta mahindi yetu bado yanajaza punje, ya wenzetu yakiwa yameshakomaa. Magunzi mengi hayakujaa hadi ncha. Pembe ya chini, ambako maji hukokota udongo, majani kadhaa yalivaa joho lao la zamani. Lakini hiyo ilikuwa pembe tu. Sehemu nyingine zote, mahindi yalipita magoti, yakapita kiuno, na majani ya chini yakabaki kijani kizito hadi siku nilipoinama kuyakagua moja moja kama mwendawazimu, nikayakosa madoa. Nilifurahi hadi nikaona haya. Mama aling'oa mche mmoja wa maharagwe, akapukuta udongo, akaniletea dukani Giakanja umefungwa kwenye gazeti, ili tu nione mizizi ilivyokuwa mingi na yenye manyoya. Aliuweka kwenye kaunta katikati ya dawa za kuua, na wateja wakaulizana ni ugonjwa gani.

Nikimwuliza afisa wa kilimo ni nini kilichosaidia, anasema ni vyote: chokaa, samadi, na bakteria kupata nyumba yenye chakula. Anasema msimu mmoja haumtoshi mtu kudai chochote. Mama hasikii hayo. Yeye anawasifu wageni peke yao, na chokaa anaikumbuka kwa jinsi ilivyomwingia machoni.

Kilichobaki kilikuwa neno lake. Mavuno yalikuwa yamezidi yale ya mwaka uliotangulia, lakini hayakuwa ya kuimba. Mtu angeweza kusema shamba limekubali, na mwingine akasema limekataa, na wote wangekuwa na hoja. Mama mwenyewe hakusema. Alipura maharagwe kimya kimya, akayapepeta, akayachambua. Nilimwogopa kwa ule ukimya. Nilijua kwamba akiona amepungukiwa hata kidogo na lile neno, hatajitetea.

Kaka yangu alikuja Jumamosi moja, na fundi. Fundi alikuwa na futi ya kupimia na jembe la kuchimbia mashimo ya kujaribia ardhi, kijana mwenye adabu aliyemwita Mama shosho, yaani nyanya, na kumwamkia kwa mikono miwili. Kaka yangu hakuwa ametuambia anakuja naye. Alisema ni kupima tu, kujua, hakuna haraka. Nilifungua mdomo, na Mama akaniwekea mkono begani, mkono mzito, nikaufunga.

Akaingia jikoni. Tulimsikia akivuta kigoda. Tukaenda mlangoni, tukamwona ameshika nguzo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine anapandisha kibuyu cha maharagwe ya mbegu kwenye itara, yale mazito aliyokuwa akiyachambua wiki zote zile. Akakisukuma hadi mahali pa kati, pale palipokuwa na marvin ya baba. Akashuka, akajipangusa masizi, akachukua chungu cha udongo kilichokuwa pembeni mwa mafiga na mfuniko wake, akatupita mlangoni bila kutuangalia, akaenda hadi migombani, kwenye kivuli, mahali ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagwa na udongo hauna siku unakauka. Akakiweka chini.

"Fundi," aliita. "Kwa vile umekuja na jembe. Nichimbie shimo hapa, hii chungu iingie mpaka kwa shingo. Uizungushie mchanga ya maji."

"Ni ya nini, shosho?"

"Ya wageni wa mwaka ujao. Hawapendi moto."

Fundi akamgeukia kaka yangu, maana ndiye aliyemleta. Kaka yangu alikiangalia kile chungu, akatazama juu kwenye moshi unaopenya paa la jiko, akarudisha macho kwa Mama, aliyekuwa ameshapiga magoti yake mabovu na kuanza kusafisha majani makavu kwa mikono. Kisha akakunja mikono ya shati, akamwambia fundi aiweke futi kwenye gari, akachukua lile jembe akachimba mwenyewe.